Gunia Lisilo na Maandishi

4 Mei

Wewe mtoto,

Huna haya. Tangu uondoke hapa umeniandikia barua moja, na hiyo moja nusu yake ni salamu kwa watu ambao hata hawakuulizii. Dereva wa lori, huyu tunayemwita Breki, anapita hapa kila wiki na kila wiki ananyoosha mikono mitupu dirishani kama mwizi aliyekamatwa: "Leo hamna, Mama!" Mpaka nimeanza kumwona yeye ndiye mwenye kosa. Nimeacha kumpa maji ya kunywa.

Na usinianzie habari za simu. Ile uliyoniachia nimeizima nikaifungia kabatini chini ya mashuka. Hapa mtandao unakuja na kuondoka, nakaa nasema halo, halo, na nikishaanza kukugombeza vizuri inakata. Mtu anayetaka kunisikia anisome. Kuandika najua. Nilisoma kidogo lakini nilisoma, na wapo hapa waliosoma mpaka wakavaa tai hawawezi kuandika barua ikaeleweka.

Hatujambo. Babu yako goti lile lile. Anashinda mlangoni kwenye kigoda anauliza mke wake mdogo yuko wapi. Nimemwambia mke mwenzangu siku hizi ni mtaalamu, yuko kwenye kiwanda cha chakula cha mifugo, hana shida na mzee wa goti moja. Alicheka mpaka akapaliwa. Paa la jikoni linavuja juu ya kuni, mahali pabaya kuliko pote. Jirani wa nyuma bado hajarudisha ngazi.

Sasa kaa chini unisikilize. Kondoo.

Hawa ni kondoo wa mama yako. Alipokuwa amelala pale chumba cha pili, hawezi hata kugeuka, alinishika mkono akasema Mama, kondoo ni wa mtoto. Nilisikia. Mjane, yule mkubwa mwenye sikio lililochanika, mama yako alimchagua mwenyewe mnadani. Wengine wote wametoka tumboni mwa Mjane au kwa binti zake. Mimi ni mlinzi tu.

Mwaka jana hukuona, ulikuwa umeshaondoka, na mimi sikukuandikia yote. Waliokuwa na mapacha tumboni walianza kujitenga. Wakakataa kula. Wakatembea kama vipofu, wanagonga ukuta wa zizi na kusimama hapo hapo paji la uso ukutani. Kisha wakalala, hawakuamka tena, wakafa na watoto ndani. Wale waliozaa, maziwa hayakutosha kulowesha ulimi wa mtoto. Waliobaki unawahesabu bila kugeuza shingo. Sasa wana mimba tena, na nyasi zimeshaanza kukauka. Wakienda kama wa mwaka jana, kundi la mama yako limekwisha, wewe utakuja kurithi kamba.

Hapa watu wanasema kondoo mwenye mimba asishibe, mtoto atanenepa akwame. Nimefuata hivyo miaka yote. Babu yako anasema tunawaua kwa njaa halafu tunawalilia. Wewe uko huko wanakochanganya chakula cha wanyama. Niambie kondoo mwenye mimba anapewa nini, na anayenyonyesha anapewa nini. Usinitungie hadithi. Andika kama unamwandikia mtu mwenye akili.

Bibi yako.


21 Mei

Shikamoo Bibi,

Nimekosa, nisamehe. Mwambie Babu mke wake mdogo yupo na hajaolewa na mwingine. Breki naye mrudishie maji yake, maskini.

Mimi mzima. Chumba changu kinatazamana na ukuta wa kiwanda, kwa hiyo nikifungua dirisha vumbi la pumba linaingia, nikifunga joto linaniua. Nimezoea kulala na kitambaa puani. Kazi ni nzuri. Niko sehemu ya mwisho, pale chakula kinapokamilika kabla hakijatoka kwenda kwa wafugaji.

Kuhusu kondoo, Babu yuko sawa, ni njaa. Mtoto wa kondoo hukua polepole miezi ya kwanza, halafu wiki za mwisho anakua kwa kasi na kujaa tumboni. Wakiwa wawili wanamsukuma mama yao tumbo mpaka majani hayapati mahali pa kukaa. Anakula anashiba, lakini shibe yake haimtoshi yeye na hao walioko ndani. Basi mwili unaanza kujila wenyewe, na ndiyo ule ugonjwa wa kugonga ukuta. Anahitaji chakula kidogo chenye nguvu nyingi.

Mparazie mahindi, siyo unga, yavunjike tu. Changanya na pumba na mashudu ya alizeti. Anza na kiasi kidogo sana, uongeze polepole, ukiwapa mengi ghafla tumbo linachacha na wanakufa kwa hilo. Nusu asubuhi, nusu jioni. Majani ya maharage makavu usiyachome tena, wape. Maji yasikatike. Pitisha vidole mgongoni: ukigusa mifupa kama meno ya kitana, huyo umtenge umwongezee. Aliyenona sana usimwongezee, naye anaweza kuugua. Akishazaa usimwachishe chakula, hapo ndipo anakihitaji zaidi, maziwa hayatoki hewani. Anayenyonyesha wawili ale kuliko anayenyonyesha mmoja.

Na ninakutumia zawadi. Breki ana gunia dogo la madini, unga wa kijivu wenye chumvichumvi. Kiganja kimoja kila mmoja, kila asubuhi, ndani ya pumba. Yanaimarisha mifupa na kuongeza maziwa. Mdomo wa gunia nimeushona mwenyewe.

Mpapase Mjane sikio kwa niaba yangu.

Mjukuu wako.


27 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Gunia lilifika, limekaa mbele pamoja na Breki kama abiria. Nimeuona mshono wako, uzi umepita mara mbili. Mama yako alikuwa anashona hivyo hivyo, kama mtu anayeogopa kitu kisitoroke. Babu yako alilipapasa akasema hili limeshonwa na mke wangu. Nikamwambia unajuaje. Akasema mke mkubwa angeacha tundu.

Nimefanya kila ulichosema, na siyo kwa sababu nimekuamini, ni kwa sababu sikuwa na jingine. Mahindi naparaza mwenyewe, mikono imekuwa kama ya mwashi. Nimetengeneza kihori kwa ule mlango wa zamani wa stoo. Siku za kwanza walinusa wakanitazama kama ninawadanganya. Sasa wakisikia ndoo wananikanyaga. Malkia, yule jike mwenye kiburi, amenipiga kichwa cha makalio, nikamwambia wewe ungekuwa mtu ungekuwa mke wa mwenyekiti.

Lakini wanachokipenda kuliko vyote ni yale madini yako. Wanalamba mpaka ubao. Kidevu alikuwa mifupa mitupu, sasa mgongo wake umejaa, manyoya yana mafuta. Pazia, yule mwenye manyoya yaliyomfunika macho, tumbo lake limekuwa kama ngoma, lazima ni wawili. Wenye mapacha nawapa viganja viwili. Nimeona ni haki yao.

Daktari wa mifugo alipita na sindano zake. Akaingia zizini na viatu vyake vilivyopakwa rangi, akashangaa, akasema Mama, mwaka huu umewatunza. Nikasema sasa ulitaka niwatupe? Akaliona gunia. Akachota kidogo akanusa. "Mama, haya madini ni ya kondoo au ni ya ng'ombe?" Nikamwambia ni ya mjukuu wangu. "Naona gunia halina maandishi." Nikamwambia maandishi yako kichwani mwa aliyelituma, yeye ndiye anayeyatengeneza, wewe unauza sindano. Akasema sikatai, Mama, lakini muulize, ya ng'ombe siyo mazuri kwa kondoo. Nikamuuliza mwaka jana wanagonga ukuta ulikuwa wapi na ujuzi wako. Akafunga mkoba akaondoka, hata chai hakunywa. Mtu mzima ananuna kama bibi harusi.

Haya, nimekuuliza kama alivyosema. Usipojibu nitajua ni upuuzi wake. Watu wanakuja kutazama kondoo, mimi nawaambia ni mjukuu wangu, mtaalamu.

Bibi yako.


6 Agosti

Bibi,

Shikamoo. Babu shikamoo.

ACHA KUWAPA MADINI. Ukisoma mstari huu nenda kwanza ukawanyang'anye, halafu urudi umalizie.

Daktari alisema kweli. Ni ya ng'ombe. Mahindi na pumba na mashudu endelea, hayo hayana shida, ni gunia tu. Limwage mbali, wasilambe hata ubao. Kioshe kihori.

Barua yako nilikuwa nayo mfukoni wiki nyingi kabla sijauliza. Sababu nitakwambia. Nimepiga simu yako tangu jana mpaka vidole vinauma, naambiwa haipatikani. Nimempa Breki barua hii mkononi, ameapa ataikimbiza.

Mjane ameshazaa?

Mjukuu wako.


10 Agosti

Mjukuu wangu,

Salamu nyingi, na leo sikugombezi. Tumia nafasi hiyo vizuri.

Mvua imekuja kabla ya wakati na imeondoka na daraja. Lori haliwezi kuvuka, Breki hatujamwona. Barua hii nimempa mwalimu, anavuka kwa miguu pale kwenye mawe, suruali kichwani. Akizama na barua imezama, utajua kwa kutokuipata.

Kondoo wamezaa! Wote! Hakuna aliyegonga ukuta, hakuna aliyelala. Pazia mapacha, majike yote mawili. Kidevu mmoja, mkubwa kama ndama, na hakukwama, alitoka mwenyewe akasimama kabla sijamfuta. Mjane na uzee wake ameleta mmoja mweupe na doa moja la kahawia begani, kama amemwagikiwa chai. Viwele vimejaa mpaka wanatembea miguu imetanuka. Wanakondoo wakinyonya unasikia sauti ukiwa jikoni. Sijawahi kuona hivi tangu mama yako yupo.

Babu yako amebebwa pamoja na kigoda chake mpaka zizini. Alimkamata yule wa Mjane akamweka mapajani, akakaa naye ameinamisha kichwa mpaka nikafikiri amesinzia. Kumbe analia, mzee yule. Akasema kundi la binti yetu limerudi. Nikamwambia jifute, watoto wa watu wanakutazama.

Madini yako yanaelekea mwisho, nimebakiza chini kidogo. Tuma mengine.

Bibi yako mwenye furaha, jambo ambalo haliji mara mbili.


29 Agosti

Mjukuu wangu,

Sijapata jibu lako hata moja. Daraja bado, wamekuja watu wawili wakalitazama, wakapiga picha, wakaondoka. Mwalimu anavuka tena kesho.

Babu yako hajambo ila halali vizuri.

Pazia amekufa.

Ilianza asubuhi baada ya usiku wa mvua kubwa. Hakuja kwenye kihori. Nilidhani ni baridi. Nikamfunua manyoya usoni nimtazame macho, na ule weupe wa jicho ulikuwa wa njano. Ufizi njano. Akakojoa mbele yangu na mkojo ulikuwa mweusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Siyo damu, naijua damu. Alikuwa anahema mbio mbio amesimama mahali pamoja, na wanawe wawili chini yake wanamvuta, maziwa hayatoki. Nikasema damu imemwishia, anahitaji nguvu. Nikamkorogea madini kwenye maji nikamnywesha kwa chupa. Nilimnywesha yote yaliyobaki. Kesho yake akafa.

Nimewatenga wanawe, nawapa maziwa ya Malkia, lakini Malkia anawapiga teke.

Huu ni ugonjwa gani? Mtu ananenepa, anazaa vizuri, ananyonyesha, manyoya yanang'aa, halafu ndani ya siku mbili anakuwa njano kama aliyepakwa rangi. Daktari yuko ng'ambo ya mto. Muulize mtu huko. Muulize yeyote. Usikae kimya kama umemwagiwa maji.

Bibi yako.


5 Septemba

Shikamoo Bibi. Babu shikamoo.

Barua zako mbili nimezipata pamoja leo. Kumbe yangu ya tarehe sita haijakufikia. Breki nimemkuta gereji, ananiambia iko kwenye lori anasubiri daraja, anatabasamu, hajui. Hii nampa mwalimu, nimemfuata nyumba aliyofikia, anarudi keshokutwa.

Nitaandika kwanza kinachohusu kondoo, halafu kinachonihusu mimi.

Yale madini ni ya ng'ombe wa maziwa. Yana shaba ndani yake. Ng'ombe anaihitaji, ikizidi anaitoa. Kondoo haitoi. Anaiweka kwenye ini, kidogo kidogo, kila kiganja, na wakati anaiweka huoni kitu, anang'aa na kunenepa. Halafu siku akishtuka, kwa kuzaa, au mvua, au mbwa, au kukimbizwa tu, ini linaiachia yote kwenye damu kwa mara moja. Ndiyo ile njano. Ndiyo ule mkojo. Fundi wa mchanganyiko ndiye aliyenieleza. Nilimuuliza ikishaingia inatolewaje. Kuna dawa, anasema, lakini ni ya kuwahi kabla hawajageuka njano, na hapa kiwandani hawana. Mwombe daktari. Wasikimbizwe, wasiloweshwe, wasitolewe mbali. Zaidi ya hapo sijui, Bibi. Hakuna niliyemuuliza anayejua zaidi ya hapo.

Sasa mimi. Mimi siyo mtaalamu. Mimi ninashona midomo ya magunia. Likija limejaa ninalipitisha kwenye cherehani ya kuning'inia, linakwenda, linakuja jingine. Hayo ya mahindi na mashudu niliyasikia nikiwa nashona, fundi anawaeleza wafugaji dirishani, na ni ya kweli yote. Madini sikuyasikia kwa mtu. Gunia lilipasuka, na magunia yaliyopasuka tunaruhusiwa kugawana, nikalimwagia kwenye gunia safi nikakutumia. Nilijua ni ya ng'ombe. Nikasema ng'ombe na kondoo wote wanacheua, kuna tofauti gani. Nilitaka kuwa nimetuma kitu. Siyo maneno tu.

Daktari aliponiuliza kupitia kwako, ningeuliza siku ile ile. Lakini ulikuwa umeandika mtaalamu, na nilijua nikimuuliza fundi atanicheka, na jibu likiwa baya itabidi nikwambie. Nikaiweka barua mfukoni. Niliivaa kila siku.

Mwenzangu wa mizani, anayepima magunia, naye alichukua kutoka rundo lile lile la yaliyopasuka, baba yake anafuga kondoo.

Nitaacha kazi nije. Niambie tu nije.

Mjane yuko hali gani? Hukumtaja.

Mjukuu wako.


24 Septemba

Wewe,

Barua zako zimefika siku moja. Mwalimu alileta mpya asubuhi, na mchana Breki akaja amevuka kwa miguu, amelowa mpaka kiunoni, ameshika ile ya zamani juu kama bendera, anachekelea: "Leo ipo, Mama!" Nilimpa maji. Ningefanya nini.

Nimezisoma. Nimemsomea babu yako. Nilipofika kwenye shaba aliniambia nirudie, nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Nikakataa.

Daktari amekuja, na yeye alivuka kwa miguu. Nilikaa pale nikimsubiri aseme nilikuambia. Nilikuwa na majibu tayari. Hakusema. Alivua koti akaingia, akamfunua kila mmoja jicho, kwa upole, kama anamfunua mtoto aliyelala. Kisha akaosha mikono muda mrefu kuliko ilivyochafuka. Nikamuuliza hiyo dawa. Akasema, "Mama, hiyo dawa nimeisoma, sijawahi kuishika." Ameandika kuiomba. Huko anakoiomba nako wataandika. Nikamuuliza sasa nifanye nini leo. Akasema uwaache watulie. Nikamwambia hiyo siyo kazi, nipe kazi. Akasema ndiyo hiyo, Mama.

Basi ndiyo kazi yangu. Kubeba majani mpaka zizini ili wasitembee. Kufukuza mbwa wa jirani kabla hajabweka. Kunyamaza. Mimi, kunyamaza! Na asubuhi kufunua macho. Nasimama mlangoni mwa zizi na ndoo, sitaki kuingia, kwa sababu nikiwa nje wote bado wazima. Malkia jicho jeupe. Wale wadogo wa mwaka juzi jicho jeupe. Daktari anasema jicho jeupe leo halituahidi kesho. Kidevu alikuwa na jicho jeupe siku nne baada ya Pazia. Siku ya tano alikuwa njano, na jioni alikuwa amelala, na yule mtoto wake mkubwa kama ndama amesimama juu yake anampiga kiwele kwa kichwa.

Umeuliza habari za Mjane mara mbili. Uliza habari nyingine. Yule mwenye doa la chai anakunywa chupa. Babu yako ndiye anayemshika, usiku na mchana, hataki nimpokee.

Sasa wewe. Unataka nikwambie siyo kosa lako. Sikwambii. Ulijua hujui, ukanyamaza, ukavaa barua yangu mfukoni kama leso. Na usidhani nitakusifu kwa kuandika ukweli mwishoni, wakati kondoo ameshazikwa. Mama yako angekuchapa, na mimi ningemshikia fimbo. Kisha ningewafungia nje nyote wawili.

Lakini kushona magunia ni kazi. Nani alikuambia ni aibu? Mimi nilisema mtaalamu kwa sababu sikujua huko kuna kazi gani, na hukunisahihisha. Watu hapa wanauliza wale kondoo wanono wako wapi. Nawaambia nimewapa chakula cha ng'ombe. Wanangoja niseme nani alikileta. Siwaambii. Daktari anajua, mimi nilimtukana hapa zizini mbele yao, na yeye hasemi. Jambo hilo linaniuma kuliko njaa.

Unasema utaacha kazi uje. Uje ufanye nini? Uwatazame? Watazamaji tupo. Hapa hakuna kitu cha kufanya, mjukuu wangu. Nimekitafuta. Nimeamka nacho na kulala nacho, sijakipata.

Ila mstari mmoja wa barua yako umeupita mbio, kama mtu anayepita nyumba anakodaiwa. Mwenzako wa mizani. Rundo lile lile. Baba yake ana kondoo. Umeandika hapo ukaruka ukaniuliza Mjane. Umemwambia? Nakujua. Hujamwambia. Unaogopa atakutazama vile ninavyokutazama mimi sasa.

Kondoo wa yule mzee pengine jicho bado jeupe. Pengine bado anachota kiganja asubuhi, anafurahi, anawaambia watu mtoto wake mtaalamu.

Usimwandikie. Usinijibu mimi kwanza. Hivi unavyosoma simama, mtoe mwenzako kwenye mizani, mwambie mbele ya fundi, na umwambie fundi aandike kwa herufi kubwa ukutani pale mnapogawana magunia: KONDOO HAPANA. Kisha pandeni gari nyote wawili mpaka kwa huyo mzee. Ingia zizini kwake, funua macho, beba gunia wewe mwenyewe, ulimwage kwa mkono wako, na ukae pale mpaka akuelewe, hata akikutukana. Ukimaliza hapo ndipo uje kwangu, na uje na chuchu za chupa, zangu zimechanika.

Nenda sasa.

Bibi yako.